Ukurasa Mzima wa Q

4 Februari

Mwanangu Kiguu-na-Njia,

Sijui kama anwani hii bado ni yako, maana barua niliyotuma kule kwako kwa zamani imerudi na muhuri wa posta kwamba umehama. Kama anayeisoma sasa ni mwenye nyumba, namwomba amtafute kijana mrefu anayefunga lifti na asiyejua kukaa kitako, ampe.

Huku hatujambo. Mgongo wa baba yako umepoa kidogo, kwa hiyo amepata nguvu za kutoa amri. Bi Vifungo, yule fundi cherehani tunayegawana naye ukuta, amenunua cherehani ya umeme, na akikanyaga tu, kalamu zangu zinacheza mezani. Nimemwambia atanibomolea nyumba. Ananijibu kwamba nyumba ni ya kupanga, tusihangaike sote wawili.

Sasa nije kwenye shida yangu. Kompyuta ya ofisini imezeeka (mimi nasema ofisi, baba yako anasema chumba cha mbele). Nikiiwasha naweza kuoga, kunywa chai na kufagia kibaraza, nikirudi bado inajifikiria. Kila asubuhi inaniletea tangazo kwamba haifai tena na ninunue nyingine. Mtu unaambiwa hufai na kitu ulichokinunua mwenyewe. Mteja wangu mmoja anasema upo mfumo unaoitwa Linux, unatengenezwa na watu wengi kwa pamoja, unatolewa bure, na kwenye mashine kuukuu unakwenda vizuri. Nakumbuka na wewe uliwahi kuutaja. Nataka kuhamia huko.

Nifundishe kwa barua. Kwenye simu unaniitikia ndiyo, ndiyo, halafu unapotea. Mimi nimechapa hukumu za mahakama mpaka nimestaafu, nimezoea kitu kilicho kwenye karatasi.

Nimesikia pia kwamba mfumo huo unaweza kusoma kwa sauti yaliyoandikwa, hata kwa Kiswahili. Ni kweli? Nauliza tu.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua imenifikia, ingawa kwa kuzunguka. Sasa nakaa juu ya duka la matairi. Chumba ni kizuri ila kinanuka mpira, na mimi pia nimeanza kunuka mpira. Jengo tunalofunga lifti halijaisha, kwa hiyo tunapanda kwa ngazi kwenda kutengeneza kitu cha kuwasaidia watu wasipande ngazi. Mwenzangu kazini anacheka kila siku kwa jambo hilohilo. Mimi nimeshachoka nalo.

Linux ninayo, ni kweli, lakini usinifanye mtaalamu. Nimeitumia mwaka mmoja tu, na miezi ya mwanzo nilikuwa naitukana. Nimekuwekea kwenye flashi iliyomo humu ndani. Kwanza kabisa, kazi zako zote zihifadhi kwenye flashi nyingine, uifiche kabatini. Usiruke hapo, Shangazi, nakujua. Kisha chomeka hii yangu, washa kompyuta huku ukibonyeza F12, nayo itakuuliza uanzie wapi, chagua flashi. Itakupa nafasi ya kujaribu kabla ya kusakinisha. Jaribu hata wiki nzima, hakuna kitakachoharibika. Ukiridhika ndipo usakinishe. Itakuuliza lugha, kibodi, mahali ulipo, jina na nenosiri. Soma polepole kila ukurasa kabla ya kubonyeza.

Jambo moja litakuudhi. Kuna mahali ukiandika nenosiri hakitaonekana chochote, hata nukta. Utadhani kibodi imekufa. Haijafa, inakuficha tu. Endelea kuandika, bonyeza Enter.

Mwezi wa nne tukimaliza hapa nitakuja kukuona. Msalimie baba, kama ataniulizia.

Wako,
Kiguu-na-Njia


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Flashi imefika salama. Mwezi wa nne umeuandika kwa mkono wako mwenyewe, na barua yako nimeitunza, tusije tukaambizana mengine.

Nimejaribu kama ulivyosema, bila kusakinisha. Inawaka upesi mpaka nilishtuka, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Rangi zake ni za ajabu na vitu havipo mahali pake. Nilitafuta pa kuizimia mpaka nikakata tamaa, nikang'oa waya ukutani. Bi Vifungo alikuja kuniuliza kama nagombana na mtu.

Baba yako amekuja tena na ile hoja yake. Anataka nifunge ofisi, kompyuta tumpe mtu, mimi nihamie chumba chake cha nyuma nikapumzike. Nimpumzikie nini? Nimekaa kwenye kiti hiki tangu mume wangu afariki. Watu wananiletea mikataba, viapo, barua za kuomba kazi, nawachapia, wanaondoka wakiwa na kitu mkononi. Huko kwake nitaangalia ukuta na kuambiwa chakula tayari. Anasema eti nimempita sokoni bila kumsalimu, ndugu yangu wa tumbo moja, na kwamba nimemwaga chai nje ya kikombe mbele ya wageni. Nilikuwa na mawazo. Mtu haruhusiwi kuwa na mawazo?

Amenipa mpaka katikati ya mwaka. Akiona siwezi kazi, atakuja na gari kuchukua vitu vyangu. Ndiyo maana nina haraka na hii Linux. Usiku silali vizuri, mchana situlii. Nakaa, nasimama, nafungua kabati, nasahau nilifuata nini.

Jumamosi nasakinisha. Bi Vifungo anataka kunisaidia kusoma hayo maandishi ya kwenye skrini, nimemkatalia. Barua ijayo utaipata imechapwa.

Swali langu la mwisho hukulijibu. Basi, liache.

Shangazi yako


"à ?qchi

?zqnqngu ,pendzq;

Sisi hqtujq,bo: Ni,ezewq: ?zenyeze: Nq ninqonq viwuri tu; bqbq yqko qse,e qtqkqlo:


14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yako iliyochapwa ninayo mbele yangu. Nimehama tena, kwa hiyo ilinikuta nikiwa nimekaa juu ya sanduku, sina hata meza. Niliicheka kwanza. Ukurasa mzima umejaa q, kama mchele ambao haukuchaguliwa mawe. Nilimwonyesha mwenzangu, naye akacheka. Kisha nikaacha kucheka, nikatoka nje, nikatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi.

Wakati wa kusakinisha ulichagua kibodi ya Kifaransa. Kwenye kibodi hiyo a na q zimebadilishana mahali, w na z pia, na m imesogezwa pembeni. Anayechapa kwa kudonoa kidole kimoja angegundua kwenye neno la kwanza. Wewe vidole vyako havingoji macho, vilikwenda palepale vilipozoea. Nilichukua kalamu nikaigeuza barua yako herufi kwa herufi, na mstari wa kwanza unasema: "Sisi hatujambo. Nimeweza. Mwenyewe. Na ninaona vizuri tu, baba yako aseme atakalo."

Shangazi, ukurasa huu uliutoa kwenye printa, ukaukunja, ukautia kwenye bahasha. Wewe uliyekuwa ukimrudishia hakimu hukumu kwa sababu ya nukta. Huoni, sivyo?

Sikuuliza hili kwa simu kwa sababu najua ungecheka na kuhamisha mazungumzo. Na lile swali lako la kusoma kwa sauti nililiruka kwa kuwa sikujua jibu, nikadhani unapitisha muda tu. Nimeona haya kweli. Nimeshalitafuta jibu: ndiyo, inasoma, na Kiswahili kimo. Kwanza rekebisha kibodi: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kibodi, ondoa Kifaransa. Halafu bonyeza kwa pamoja Alt, ile yenye alama ya dirisha, na S. Itaanza kusema. Itasema Kiingereza mwanzoni. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague Kiswahili. Yote haya yafanye na mtu mwenye macho.

Baba ameniandikia. Hakuwa ameniandikia tangu nilipoacha chuo nikaondoka bila kumuaga. Hakuniuliza hali. Ameuliza jambo moja tu: shangazi yako anaona au haoni? Sijamjibu. Siwezi kusema uongo, na ukweli si wa kwangu kuutoa. Usimwambie mtu habari hizi mpaka umejua mwenyewe unataka nini.

Mwezi wa nne sitaweza kuja. Tumepewa jengo lingine.

Wako


5 Mei

Mwanangu,

Unaniandikia "usimwambie mtu" kwa mwandiko ule wa kuku, mimi nitausomaje? Ile ya kwanza niliihangaikia siku tatu, hii imenishinda. Alinisomea Bi Vifungo. Alipofika hapo alikohoa, akaendelea. Kwa hiyo sasa tunajua watatu.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikaa nayo siku kadhaa nikikutukana kimoyomoyo wakati wa kupika. Ungeniachia hata hako kauongo kadogo. Lakini umeshasema, na mimi nitasema. Katikati ya kila kitu nionacho pana doa la kijivu. Pembeni naona, katikati sioni. Nikimtazama mtu usoni naona masikio. Nikitazama neno, naona herufi ya kwanza na ya mwisho, katikati najaza mwenyewe kwa kuwa najua Kiswahili. Daktari wa macho ameniambia hakuna dawa ya kulirudisha, litaendelea kukua, hajui kwa kasi gani. Aliniambia hivyo mwaka jana. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua la pili litakuwa chumba cha nyuma cha baba yako. Naogopa, mwanangu. Ndiyo hivyo, naogopa sana.

Tumebonyeza hizo tatu. Ilinguruma Kiingereza, Bi Vifungo akaruka na mkasi mkononi. Tulihangaika mpaka tukaipata sauti ya Kiswahili. Mungu wangu, hiyo sauti. Ni kama mgeni aliyejifunza lugha yetu akiwa na mafua, halafu ana haraka ya kuwahi basi. Inameza, inakokota, mkazo inauweka isipotakiwa. Siku ya kwanza nilibishana nayo mpaka koo likauma. Siku ya pili nikaanza kuielewa. Siku ya tatu ikanisomea kosa langu mwenyewe, nilikuwa nimeandika "kubala" badala ya "kubali", nikarekebisha bila kuweka jicho kwenye skrini. Nilikaa pale nikalia. Bi Vifungo alidhani kuna msiba.

Aibu iliyotupata nayo ni hii. Alikuja mzee mmoja kuchapisha kiapo kwamba anaishi peke yake na hana mke mwingine popote. Nikachapa, nikaiamuru isome. Ikasoma kwa sauti ile ya mafua, mlango wazi, watu kibarazani wanasubiri. Cherehani ya jirani ikasimama. Ilipofika kwenye "sina mke mwingine popote" mtu huko nje akaguna. Mzee alichukua karatasi yake akaenda zake bila kuaga. Nimenunua visikizio vya masikioni.

Baba yako hajui bado. Muhula alionipa unakaribia kwisha, na mimi sijui nitasema nini akija.

Shangazi yako


21 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeichapa, nimeiweka kwenye flashi, ili isomwe na yule mgeni wako na si Bi Vifungo. Msalimie lakini.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye shimo la lifti, nikashindwa kuendelea na kazi. Msimamizi akauliza kama nimepigwa na umeme. Nimekuwa mtu wa kuhangaika tangu hapo. Nimeshabadilisha chumba tena, eti kwa sababu ya kelele, na huku nilikohamia kuna kelele zaidi.

Kuhusu sauti: kwa kuwa mfumo wenyewe ni huria, ukikerwa nao unaruhusiwa kuingia jikoni. Niliwaandikia watu wanaoitengeneza, nikawaeleza jinsi inavyoharibu mkazo. Nilidhani watanipuuza. Mmoja amejibu, haongei hata neno moja la Kiswahili, anaomba mifano. Sikiliza kwa makini, niambie inakosea wapi, nami nitawapelekea. Hakuna anayemjua huyo mgeni wako kuliko wewe.

Baba nimemjibu. Nilichana karatasi nyingi, mwishowe nikaandika: "Nenda ukakae naye asubuhi moja akiwa kazini, ujionee." Sikuongeza kitu. Nisamehe kama nimekuletea balaa mlangoni.

Mwezi wa nane nadhani nitapata nafasi.

Wako


13 Julai

Mwanangu Kiguu-na-Njia,

Marahaba. Barua hii nimeichapa, nimeisikiliza mara mbili, haina q hata moja.

Baba yako alikuja. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu, na barua yako ikiwa mfukoni. Akavuta kiti, akakaa karibu na mlango, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayengoja kesi yake iitwe. Nilimwambia palepale, kabla sijaogopa: kaka, macho yangu yanakufa, siku ile sokoni sikukuona. Aliinamia fimbo yake. Nilikuwa na mkataba wa pango wa kumalizia, nikavaa visikizio nikaendelea.

Nilipomaliza akasimama, akaja mezani, akaizima skrini. Si kompyuta, skrini tu. Akaniambia, "Andika ninayosema." Unamjua baba yako kwa majaribio. Akaanza kunisomea barua ndefu ya malalamiko yake kwa idara ya maji, ile anayoiandika kila mwaka, kwa kasi kabisa, na majina na tarehe, makusudi ili nikosee. Nikaichapa. Alipofika mwisho nikachomoa visikizio, nikaiachia mashine isome kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kosa lilikuwa moja, nalo lilikuwa lake, aliitaja idara kwa jina la zamani.

Akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Mwanao, kwa barua." Akarudi kwenye kiti. Baada ya muda akasema basi ofisi ibaki, ila taa ya kibarazani ibadilishwe na ngazi ya mlangoni ipakwe rangi nyeupe. Amekuja kuipaka mwenyewe kesho yake. Alisema "ofisi", kwa mara ya kwanza. Nimelala usiku ule kama mtoto.

Kwa hiyo nimepata nililokuwa nalipigania, na ningetakiwa kutulia. Situlii. Nitakuambia kwa nini, na usiniitikie ndiyo, ndiyo.

Doa limekua. Bi Vifungo akisimama mlangoni namjua kwa harufu ya mafuta ya cherehani. Kazi nitaifanya, mgeni wangu atanisomea mikataba na barua zako zote, hata nikiwa sioni kabisa. Lakini hawezi kunisomea uso. Wa kwako mara ya mwisho niliuona ukiwa na ndevu tatu kidevuni. Mwezi wa nne uliniahidi, sasa unaniambia wa nane, na "nadhani" umeiweka mbele yake. Kompyuta haina shida tena, usije kwa ajili ya kompyuta. Wala usije kunihurumia, wenye kuhurumia wapo tele mtaani. Njoo nikuone. Bado nina pembeni. Nikigeuza kichwa kidogo na kutazama kando ya mtu, namwona. Sijui nitakuwa napo mpaka lini.

Na baba yako barua yako anatembea nayo. Mistari miwili, ameshaikunja mpaka inachanika.

Shangazi yako


2 Agosti

SHANGAZI,

HII HAINA STEMPU.
AMEILETA BI VIFUNGO.

NIMECHAPA KUBWA
MANENO MACHACHE
ILI MASHINE
ISIIGUSE.
ISOME MWENYEWE,
KWA PEMBENI.

NILIPITA
KWA BABA KWANZA.
HATUKUSEMA MENGI.
AMENIBEBEA BEGI
MPAKA HAPA.

NIPO MLANGONI.

GEUZA KICHWA.